Sony Labou Tansi, mwalimu aliyetuandikia kesho ya kuogopesha

Jioni, jua likishuka, pita kidogo ku Mangobo. Watu wa toleka wanarudisha kinga zao nyumbani, mama wauzaji wanawasha taa ndogo juu ya meza za kwanga na samaki, na mbele ya lupango utakuta vijana wameinama, vichwa vitatu juu ya telefone moja. Uliza wanaangalia nini. Si kila siku ni mpira. Mara nyingi ni hadithi ya inchi fulani ya kesho, ambako serkali inachagua watoto wapigane mpaka abaki mmoja, ao mji wenye kufungwa na ukuta ambako kila mtu amepewa kundi lake na hana ruhusa ya kutoka. Vitabu vya namna hiyo, sawa vile Hunger Games ya Mmarekani Suzanne Collins iliyotoka 2008, vilisomwa na vijana wa dunia nzima, kisha vikageuka filimu, na filimu zikafika paka kwetu.

Wazazi wanashangaa. Wanauliza: hawa watoto wamekulia mu inchi ya vita, wanatafuta nini tena mu hadithi za mateso? Mtu aliyenyeshewa na mvua usiku kucha, anaruka mtoni asubuhi juu ya nini?

Swali hilo si la kucheka. Sisi tunaona jibu moja zuri liko mu maisha ya mtu mmoja wa mto huu huu unaopita mbele yetu. Alizaliwa mwaka 1947, akafa mwaka 1995. Alikuwa mwalimu wa shule. Miaka karibu 30 mbele ya Hunger Games, aliandika hadithi ya inchi iliyoharibika kuliko zote, na aliyeisoma hakuisahau. Anaitwa Sony Labou Tansi.

Mtoto wa ng'ambo mbili

Jina alilopewa na wazazi ni Marcel Ntsoni. Alizaliwa Kimwenza, kando ya mji ambao siku hizo uliitwa Léopoldville, leo Kinshasa. Ukitoka Kisangani na bato, ukishuka na mto karibu kilometa 1,700, utafika hapo. Kwa kuzaliwa, basi, ni mtoto wa inchi yetu, wakati ingali ya Wabelgiji. Lakini angali mtoto, walimvusha ng'ambo ya pili, Kongo ya Wafaransa, na huko njo alisomea, akakulia, akafanya kazi mpaka kufa. Watu wa Brazzaville wanasema ni wao. Watu wa Kinshasa nao wanasema ni wao. Yeye mwenyewe alikuwa wa mto.

Nyumbani walisema Kikongo. Kifaransa alikipata shuleni, na alikipata amechelewa. Labda ndiyo sababu hakukiogopa. Alikishika sawa fundi anayeshika ubao wa mtu mwingine: akakata, akapinda, akatia misumari ya Kikongo ndani yake. Wasomi wa Paris walipomsoma mara ya kwanza walijiuliza Kifaransa hiki kimetoka wapi.

Alipoanza kuandika alijichagulia jina. Sony linatoka ku Ntsoni. Labou Tansi alilichukua kwa heshima ya mkubwa wake, mshairi Tchicaya U Tam'si, ambaye naye alikuwa amebadilisha jina. Hapo kuna jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalisikia mara moja. Mu Kikongo, nsoni ni aibu. Na sisi tunasema kuona soni. Ni neno moja, limetembea kutoka upande mmoja wa pori mpaka upande mwingine. Mtu huyu alibeba aibu mu jina lake, na miaka 2 baada ya riwaya yake ya kwanza alitoa nyingine aliyoiita L'État honteux, yaani dola lenye aibu. Kazi yake yote unaweza kuiweka hapo: wakubwa hawaoni tena soni, basi mwandishi anaiona kwa niaba yao.

Makaye ya shule na shindano la redio

Alisoma kwenye shule kubwa ya walimu ya Brazzaville, kisha akatumwa kufundisha Kifaransa na Kiingereza, kwanza kwenye mashule ya ndani ya inchi, halafu Pointe-Noire, mji wa bahari. Mshahara wa mwalimu tunaujua. Mchana chaki, usiku biki. Aliandika mu makaye ya shule, yale yale ya wanafunzi, ukurasa juu ya ukurasa, mashairi, teatri, riwaya, na alipomaliza kaye moja alianza lingine.

Nani alimtoa kwenye giza? Kwa watu kama sisi jibu linafurahisha: ni redio. Miaka ile redio ya kimataifa ya Ufaransa ilikuwa na shindano la teatri kwa waandishi wa Afrika. Mtu aliyekuwa mbali na kila mji mkubwa, bila feza, bila mjomba mu serkali, aliweza kutia kazi yake mu bahasha na kuituma. Sony alituma. Alipata zawadi, jina lake likaanza kusikika, na watu wa redio ile wakaendelea kumwandikia na kumpa moyo. Kule Brazzaville pia alikuta kaka wakubwa. Sylvain Bemba, Henri Lopes na wengine walisomeana kazi, wakasahihishana, wakasukumana mbele. Mwandishi, hata mwenye kipaji, hakui peke yake.

Mwaka 1979 ulikuwa mwaka wake. Alianzisha kundi la teatri mu Brazzaville, Rocado Zulu Théâtre. Na mu Paris, nyumba ya vitabu ya Seuil ikatoa riwaya yake ya kwanza, La Vie et demie, maana yake Maisha na nusu.

Mtu aliyekatwa na hakufa

Kabla ya kueleza kitabu, tukumbuke siku zilizokizaa. Mwezi wa tatu mwaka 1977, mu Brazzaville, Raisi Marien Ngouabi aliuawa. Siku chache baadaye Kardinali Émile Biayenda akauawa. Kisha aliyekuwa raisi mbele yake, Alphonse Massamba-Débat, akanyongolewa maisha kwa hukumu ya haraka. Vifo vitatu vya wakubwa mu mwezi mmoja, na vifo vya wadogo ambavyo havikutangazwa. Ng'ambo ya pili, huku kwetu, ilikuwa Zaire ya Mobutu. Wazee wa Kisangani wanakumbuka: mtawala aliitwa Guide, na wafanyakazi na wanafunzi walipaswa kumwimbia na kumchezea, hata wale waliolala njaa.

Sasa fungua kitabu. Inchi inaitwa Katamalanasie, huioni kwenye ramani yoyote. Mji wake mkubwa ni Yourma. Mtawala anajiita Guide, kiongozi aliyeletwa na Majaliwa. Kurasa za kwanza tu, Guide yuko mezani anakula nyama. Wanamletea mpinzani wake, Martial, pamoja na mke na watoto. Guide anamchoma kwa kisu kile kile cha mezani, halafu anarudi ku sahani yake. Martial hafi. Guide anachukua bunduki, anachukua sumu, mwisho anamkata vipande. Martial anakataa kufa. Nusu ya juu ya mwili wake inabaki hewani, inamwangalia.

Tangu siku hiyo Guide hana usingizi. Nusu ya mtu inamfuata mpaka kitandani. Damu yake nyeusi sawa wino inaacha alama, na hakuna sabuni ya kuitoa.

Binti wa Martial, Chaïdana, anaokoka. Hana jeshi. Anaingia ku hoteli moja, na wakubwa wa serkali wanakuja wenyewe, wamevutwa na uzuri wake. Mmoja baada ya mwingine wanakunywa shampanye yenye sumu, na inchi inafanya mazishi ya kitaifa bila kujua sababu. Halafu anaita vijana, wengi sana. Usiku wa Noeli wanapita mu mji mzima na rangi nyeusi, wanaandika ku milango neno la mwisho la baba yake, lile la kukataa kufa kifo alichochaguliwa na mtu mwingine. Asubuhi askari wanafuta, usiku linarudi.

Guide mmoja anaondoka, mwingine anapanda. Kila mmoja anajipa jina la moyo: yuko wa moyo mwororo, yuko wa moyo wa jiwe. Majina yanabadilika, meza ya nyama inabaki pale pale, na inchi kubwa ya kigeni inaendelea kuwapa bunduki. Mwisho, watoto wa Guide mmoja wanajitenga ndani ya pori, wanatangaza inchi yao, na vita inawaka. Mmoja wao, fundi wa kutisha, anatengeneza silaha ya nzi wanaoua. Hapo hadithi inakuwa ya kesho kabisa. Sony mwenyewe, mu maneno ya kufungua kitabu, alimweleza msomaji kwamba anatunga hekaya ya siku zinazokuja kwa macho ya siku za leo.

Juu ya nini vijana wanaipenda

Turudi ku swali la wazazi. Mtu wa Mangobo mwenye miaka 17 anapata nini mu hadithi ya namna hii?

Kwanza, anapata mambo yanayokwenda mbio. Sony hakufundishi, hakushiki mkono. Anakutupa mezani kwa Guide, na hujavuta pumzi kisu kimeingia. Kijana aliyezoea filimu hatalala juu ya ukurasa. Tena anacheka. Ndiyo, anacheka! Mu L'État honteux, mtawala anaamua kwamba inchi yake itakuwa na sura ya mraba, pembe nne zilizonyooka, na anaenda kuchora upya mipaka, bila kuuliza mto wala kijiji. Nani wa mashariki ya Kongo hatacheka kicheko cha uchungu hapo? Mtu akicheka juu ya mkubwa, mkubwa anapungua kimo.

Pili, anapata jina la kitu ambacho nyumbani hakisemwi. Hapa tuseme wazi. Kati ya tarehe 5 na 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani siku sita, na mamia ya raia wakafa mu nyumba zao. Tarehe 14 mwezi wa tano mwaka 2002, waasi ndani ya RCD-Goma walishika redio ya mji na kuita watu wawafukuze Wanyarwanda. RCD-Goma iliporudisha mji siku ile ile, ilianza kulipiza kisasi, na Mangobo njo iliumia sana. Watu wazima walioona hayo wanapita leo barabarani, wanauza, wanafundisha, wanasali. Kwa watoto wao hawaelezi sana. Midomo imefungwa na maumivu, si kwa ubaya.

Mtoto aliyezaliwa baada ya 2002 anakulia basi mu nyumba yenye mlango mmoja usiofunguliwa. Anajua kuna kitu nyuma yake. Hadithi ya Katamalanasie ao ya inchi ya Hunger Games inamruhusu kusogea karibu na mlango huo bila kumlazimisha mama kulia. Anaweza kuuliza: hivi, kitu kama hiki kilitokea kweli? Na mara nyingine, jioni moja, mzee anaanza kueleza. Hadithi ya uongo imefungulia ya kweli njia.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, anapata mtu anayekataa. Wazazi wanafikiri vijana wanavutwa na damu. Angalia vizuri. Mu hadithi zile za Marekani wanamfuata binti mwenye upinde aliyejitoa mahali pa mdogo wake. Mu hadithi ya Sony wanamfuata nusu ya mtu anayening'inia hewani na kusema hapana, na binti yake, na wale vijana wa Noeli wenye rangi. Giza liko ili taa ionekane. Kijana ambaye kila siku anaambiwa avumilie, asubiri, anyamaze, apate mtu mkubwa wa kumsaidia, anakutana na mtu asiye na kitu kabisa, hata mwili mzima hana, na Guide mzima anamwogopa.

Lakini kuna onyo pia, na Sony analitofautisha na hadithi nyingi za kesho. Kwake, kuanguka kwa Guide si mwisho wa hadithi. Sisi tunalijua hilo kwa ngozi yetu. Mwezi wa tatu mwaka 1997 Kisangani ilitoka barabarani kupigia makofi wakombozi wa AFDL. Hatukuwa tumekosea kufurahi, Guide wa miaka 32 alikuwa anaondoka. Miaka 3 baadaye, majeshi ya inchi mbili zile zile zilizowasaidia wakombozi yalikuwa yanarushiana bombe juu ya vichwa vyetu. Mu La Vie et demie, aliyeandikwa 1979 angekuwa ameshatuambia: angalia nani anakaa kwenye kiti kilichoachwa wazi, na angalia kama amebadilisha meza.

Kitabu kinapofika mlangoni pa aliyekiandika

Miaka ya 1980 Sony alikuwa mtu wa kujulikana. L'Anté-peuple, riwaya ya mwaka 1983, ilipata zawadi kubwa ya fasihi ya Afrika nyeusi. Humo anaeleza habari za Dadou, mkuu wa shule ya walimu mu Kinshasa, mtu mnyofu ambaye dola linamvunja mpaka anakimbia na kuvuka mto. Vikundi vya Ulaya viliigiza teatri zake, na alialikwa kila mara Limoges, mu Ufaransa, ku sikukuu ya teatri za lugha ya Kifaransa. Angeweza kubaki huko. Alirudi kila mara Brazzaville, kwa wachezaji wake, kwa watoto wake, kwa makaye yake.

Kisha akaingia siasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyama vingi viliruhusiwa, na mwaka 1992 watu wa Makélékélé, mtaa mkubwa wa kusini ya Brazzaville, walimchagua kuwa mbunge, upande wa chama cha Bernard Kolélas. Hapa maisha yake yanakuwa magumu kueleza, na hatutaficha. Siasa ya Brazzaville wakati ule iligawanyika kwa kabila na kwa mtaa. Miaka ya 1993 na 1994 vijana wenye silaha wa wakubwa mbalimbali waliuana mitaani. Mwandishi aliyekuwa wa kila mtu akawa, machoni pa wengi, mtu wa upande mmoja, wa watu wake. Marafiki wengine walimlaumu. Wengine walisema hakuwa na namna ya kukaa mbali wakati jirani zake wanauawa. Vyovyote ulivyo mwamuzi wako, msomaji, somo linabaki: kujua hatari ya Ma-Guide hakumkingi mtu asivutwe na mto wa siku zake. Aliyeandika vizuri kuliko wote juu ya ugonjwa huo naye aliishi katikati yake.

Mwaka 1994 serkali ya Raisi Pascal Lissouba ilimnyima pasipoti. Kwa mtu mwingine ingekuwa karatasi tu. Kwake ilikuwa uhai, kwa sababu yeye na mke wake Pierrette walikuwa na Sida, na madaktari walioweza kuwasaidia walikuwa ng'ambo ya bahari. Njia ikafungwa wakati ambapo kila mwezi ulikuwa na bei. Mwisho walitafuta msaada kijijini, kwa mponyaji wa kienyeji. Pierrette alitangulia. Siku chache baadaye, tarehe 14 mwezi wa sita mwaka 1995, Sony akamfuata. Hakuwa amefika miaka 50. Mwaka uliofuata, 1996, dawa za mchanganyiko ambazo leo zinawaweka hai watu wengi wenye ugonjwa huo, hata mu Kisangani, zilianza kupatikana mu inchi za kitajiri.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Miaka 2 baada ya kifo chake Brazzaville iliwaka vita. Mwisho wa 1998 Makélékélé, mtaa uliomchagua, uliachwa tupu, watu wakakimbilia porini na watoto mgongoni. Vita ya Darmellia ilikuwa imetoka mu kitabu.

Kilichobaki

Kwa hiyo unaweza kusema Guide alishinda. Mwandishi alikufa mapema, inchi yake ikaungua. Lakini angalia tena. Mwaka wa kifo chake kilitoka kitabu kingine, Le Commencement des douleurs, na makaye yake yameendelea kusomwa na kuchapwa. Kule Limoges kuna zawadi ya teatri yenye jina lake, na wanaochagua mshindi si maprofesa, ni wanafunzi wa sekondari. Wanasoma, wanabishana, wanapiga kura. Nusu ya juu ya mtu bado iko hewani.

Na huku kwetu? Kwa mzazi anayesoma habari hii tungependa kusema: usimnyang'anye mtoto kitabu kwa sababu kina giza. La Vie et demie si ya mtoto wa primeri. Kuna kurasa za mauaji na za mambo ya chumbani ambazo zinahitaji mtu aliyekomaa kidogo. Lakini kwa kijana wa miaka ya mwisho ya sekondari, afazali aisome, na afazali zaidi muisome pamoja. Asiyesikia sana Kifaransa anaweza kuanza na Shamba la Wanyama, ile hadithi ya Mwingereza George Orwell ambayo Fortunatus Kawegere aliitia mu Kiswahili na ikachapwa Nairobi mwaka 1967. Humo nao wanyama wanamfukuza bwana, kisha wanashtuka kuona nani amekaa mezani.

Kwa mwalimu: chagua sura moja, ile ya meza, soma kwa sauti, halafu funga kitabu na uwaachie wanafunzi neno. Usiwaulize mara moja ni nini maana yake. Waulize wangefanya nini kama wangekuwa mu chumba kile, wao wakiwa askari wa mlangoni, mpishi, ao mtoto wa Martial. Utasikia mambo ambayo hukuyatafuta.

Na kwetu watu wa redio, kuna jambo la mwisho. Shindano moja la redio lilimtoa Sony kwenye giza. Redio nyingine, hapa hapa mu mji wetu, asubuhi moja ya 2002, iliita watu wawinde watu. Ni chombo kile kile. Kila tunapofungua mikro tunachagua ni redio gani tutakuwa siku hiyo.

Kijana wa Mangobo uliye na kaye na biki, na hadithi ya kesho inakusumbua kichwani usiku umeme ukikatika: huyu mwalimu naye alianza vile. Andika. Ukimaliza, tuletee tusome.